Tisa kwa hamsini na tisa: shajara ya mradi wa bajeti na VAT darasa la sita

Jumamosi, 20 Januari 2024

Mradi umeanza rasmi. Ninachotaka kiwe mkononi mwisho wa muhula ni kijitabu chembamba cha mazoezi ya hisabati kwa Kiswahili, cha kumfundisha mtoto wa darasa la sita mambo mawili: kupanga matumizi ya nyumba, na kuiona kodi iliyomo kwenye bei ya kitu alichonunua. Watakaonijaribia ni klabu ya hisabati ya shule ninayofundisha hapa Morogoro mjini. Tunakutana Jumamosi asubuhi. Karatasi nanunua mwenyewe. Kudurufu nakopa kwa jamaa wa stesheneri ambaye, Mungu ambariki, anadai kwa upole.

Malighafi ya kwanza ilikuwa mazoezi ya mtandaoni, na karibu yote ni ya Marekani. Shati ni dola 20, kodi ya mauzo ni asilimia 8, utalipa kiasi gani? Kugeuza dola ziwe shilingi ni kazi ndogo, lakini swali lenyewe halina kwao hapa. Kule kodi ya mauzo inapangwa na jimbo, kisha kaunti na mji nao wanaweza kuongeza yao. Chicago ukizijumlisha zote inafika asilimia 10.25, na Oregon hakuna kabisa. Bei ya kwenye rafu inakuwa haijaguswa na kodi. Inaongezwa ukifika kaunta. Mtoto wa kule ana sababu ya kujumlisha kichwani kabla hajatoa hela.

Wetu akikuta sabuni imeandikwa 3,000 anatoa 3,000, biashara imekwisha. VAT, yaani Kodi ya Ongezeko la Thamani, imo humo humo. Swali lake la kweli ni hili: katika elfu tatu hiyo, ya serikali ni ngapi? Hesabu inarudi nyuma. Maswali mengi ya asilimia tunayowapa watoto yanakwenda mbele: hii hapa bei, ongeza, andika jibu. Kijitabu hiki nataka kisimamie upande wa pili.

Kazi waliyoondoka nayo leo: kila mmoja alete risiti, ya chochote.

Jumamosi, 3 Februari

Risiti zimemwagwa mezani. Nyingi zimefifia, maana karatasi ya mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, na joto haviivi, na za akina mama zinakaa kwenye pindo la kanga au chini ya godoro. Moja imefuliwa pamoja na suruali, na tarakimu zake zinasomeka ukiielekeza dirishani. Tumezigawa mafungu. La kwanza, risiti za EFD zenye kodi: supamaketi, duka la vifaa vya ujenzi, duka la simu. La pili, za EFD pia, ila mstari wa kodi unasoma 0.00. La tatu, za kuandikwa kwa mkono. La nne sikulitarajia: watoto wamenakili meseji za LUKU, umeme wa kulipia kabla, kutoka kwenye simu za wazazi, tarakimu zote ishirini za tokeni zikiwemo. Hilo nimeliweka kando, linastahili siku yake.

Fungu la pili ndilo lililochokoza watu. Mvulana mmoja ameleta risiti ya petroli ya baba yake, dereva wa bodaboda, na ana uhakika mwenye kituo kaiibia serikali kwa sababu VAT ni sifuri. Nimemweleza kwamba petroli, dizeli na mafuta ya taa hayatozwi VAT kwetu. Kodi na tozo zake zimekaa kwenye kila lita, ndani ya bei kikomo ambayo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huitangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi. Hakuridhika sana. "Kwa hiyo kodi ipo, ila risiti haisemi?" Ndivyo hivyo.

Likaja swali la mangi. Duka la mangi la mtaani halina risiti ya VAT, je, anakwepa? Hapa nimewapa namba waifanyie kazi wenyewe. Tangu Julai 2023 mfanyabiashara wa kawaida analazimika kusajiliwa VAT mauzo yake yakifika shilingi milioni 200 kwa mwaka. Kabla ya hapo ilikuwa milioni 100. Gawanya kwa siku 365. Wamepata 547,945 na nukta. Wakatazamana, kisha kicheko. Mangi auze zaidi ya laki tano na arobaini na saba elfu kila siku inayomjalia Mungu, Jumapili na sikukuu zikiwemo? Msichana anayetumwa pale kila jioni anasema hata Desemba hafiki.

Nikaongeza jambo moja ambalo nadhani litahitaji ukurasa wake. Sabuni ambayo mangi kainunua kwa muuzaji wa jumla aliyesajiliwa ilishabeba VAT. Yeye hana pa kuidai, kwa hiyo inashuka nayo hadi kwa mteja, ndani ya bei, bila kuandikwa popote.

Jumamosi, 17 Februari

Leo tumefika penyewe.

Nimechukua risiti ya supamaketi ya 8,500: dawa ya meno, sabuni ya unga, sabuni ya kuogea. Sehemu ya chini nimeifunika kwa kipande cha karatasi, nikauliza VAT ya asilimia 18 humo ni kiasi gani. Mikono yote juu: 1,530. Asilimia 18 ya 8,500, kuzidisha kumenyooka, hakuna aliyeteleza. Nikafunua. Risiti inasema 1,296.61.

Kwanza waliamini mashine ni mbovu. Mwalimu mwenzangu aliyekuwa akisahihisha madaftari nyuma ya darasa naye akainua kichwa: "Tangu lini asilimia 18 ikawa si asilimia 18?"

Nimeeleza kwa maneno, hayakuingia. Nikarudi kwenye vizibo vya soda, vile vile tunavyohesabia na watoto wa darasa la kwanza. Kila kundi limehesabu vizibo 50 vyekundu: hiyo ni bei ya mwenye duka kabla ya kodi. Asilimia 18 ya 50 ni 9, kwa hiyo ongeza vizibo 9 vya rangi nyingine, hivyo ni vya serikali. Changanya vyote, hesabu upya: 59. Mteja analipa vizibo 59, na vya serikali humo ni 9. Tisa kwa hamsini na tisa. Sasa chukua asilimia 18 ya vizibo vyote 59 uone: 10.62. Umezidisha kizibo kimoja na nusu na zaidi, na kimetoka wapi? Msichana wa kundi la dirishani alilisema kwa ufupi kuliko mimi: "Tunaitoza kodi, kodi." Nimeiandika ubaoni kama ilivyo na itakwenda kwenye kijitabu kama ilivyo.

Kikaja kipande ambacho sikukipangia muda na ndicho kimetula saa nzima. Baadhi wamegawanya kwanza: 8,500 kwa 59 ni 144.07, zidisha kwa 9, wakapata 1,296.63. Wengine wamezidisha kwanza: 8,500 mara 9 ni 76,500, gawanya kwa 59, wakapata 1,296.61, sawasawa na risiti. Senti mbili zikazua ubishi kana kwamba ni za kurithi. Ni nani mwenye haki? Wote, ila kundi la kwanza limekadiria desimali mapema, kisha likaikuza ziada hiyo ndogo mara tisa. Kanuni ya kijitabu: zidisha kwanza, gawanya mwisho, kadiria mwisho kabisa. Sijawahi kupata mfano bora wa kwa nini tunawasumbua watoto na mpangilio wa kukadiria.

Mwalimu mwenzangu amechukua risiti yake ya bati za kuezekea akaenda nayo ofisini. Baada ya muda nimemsikia anamwambia mtu, "Tisa juu ya hamsini na tisa, jaribu."

Neno la pembeni. VAT ilipoanza Tanzania Bara tarehe 1 Julai 1998, ikichukua nafasi ya kodi ya mauzo ya zamani, kiwango kilikuwa asilimia 20. Kodi ndani ya bei ilikuwa 20 kwa 120, yaani moja ya sita. Gawa kwa sita, umemaliza, hata sokoni kwa kichwa. Kiwango kiliposhuka hadi 18 mwaka 2009 mnunuzi alipata nafuu na mwalimu wa hisabati akaachiwa 59, namba tasa isiyogawanyika kwa chochote chenye huruma.

Jumamosi, 2 Machi

Upande wa bajeti. Nilikuwa nimewapa daftari dogo waandike matumizi ya nyumbani kwao ya wiki nzima. Waliorudi nalo ni wachache, na kabla sijawasalimu watoto nimesalimiwa na mzazi getini.

"Mwalimu, samahani. Mtoto anakaa na kalamu ananiuliza baba ameacha shilingi ngapi leo. Mbele ya wageni."

Ana haki. Hela ya matumizi inayoachwa mezani asubuhi ni siri ya ndani, na siku isipoachwa ni siri zaidi. Mzazi mwingine kanitumia meseji kwamba nyumbani kwake hakuna cha kuandika na mtoto amelia. Zoezi hilo limefutwa leo hii, na madaftari nimeyarudisha bila kuyafungua.

Badala yake tumejenga nyumba ya mfano, tumeiita Nyumba Namba Saba. Watoto wenyewe wameamua nani anaishi humo: baba dereva wa bodaboda ya bosi, mama anayeuza vitumbua, bibi, na watoto watatu. Bei za vitu wamezipata sokoni kwa Chifu Kingalu na kwa mangi, kwa kuuliza tu. Uzuri wake ni kwamba kila mtoto sasa anaongea kwa uhuru, na ninaposikia undani wa kupita kiasi kuhusu Nyumba Namba Saba najua umetoka nyumba ipi, lakini sisemi.

Jumamosi, 16 Machi

Ramadhani. Nusu ya klabu wamefunga, tumepunguza muda. Hata hivyo Nyumba Namba Saba imetoa somo ambalo mazoezi ya mtandaoni hayana hata harufu yake.

Mazoezi yale yanaanza hivi: mshahara kwa mwezi ni kiasi fulani, toa kodi ya nyumba, toa chakula, weka akiba asilimia 10. Nimewauliza watoto nyumba ngapi za mtaani kwao zinapokea mshahara wa mwezi. Mwalimu, wakasema. Na nesi. Na yule wa kiwandani. Waliobaki wote wanaishi kwa siku.

Basi tumeandika wiki ya baba. Hesabu ya bosi, yaani hela anayopelekewa mwenye pikipiki, ni 8,000 kila siku ya kazi, siku sita. Mapato: Jumatatu 21,000, Jumanne 18,500, Jumatano 9,000 kwa sababu mvua ilipiga kutwa, Alhamisi 22,000, Ijumaa 26,500, Jumamosi 24,000. Jumla 121,000. Toa hesabu ya bosi, 48,000, inabaki 73,000. Petroli ni 5,000 kila siku, isipokuwa Jumatano ya mvua 3,000, jumla 28,000. Mkononi 45,000.

Wastani wa siku sita za kazi ni 7,500. Matumizi ya nyumba ni 7,000 kwa siku. Darasa zima likashangilia, nyumba imepona. Mimi nimekaa kimya. Mvulana wa risiti ya petroli, ambaye haya mambo anayaishi, akasema: "Jumatano hawali." Twende tuone. 9,000 toa 8,000 ya bosi, toa 3,000 ya petroli: hasi 2,000. Namba hasi imeingia darasani bila mstari wa namba wala kipimajoto, na kila mtu kaielewa papo hapo. Halafu Jumapili baba hafanyi kazi, ila tumbo halijui Jumapili: matumizi ni siku saba, 49,000, na kilichopatikana ni 45,000.

Pengo la 4,000 linazibwa na nini? Mapendekezo yalivyokuja: kukopa kwa mangi, kumwomba bosi apokee hesabu nusu (kicheko kutoka kwa wanaowajua mabosi), mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali (wakakataa kwa sauti moja, nimefurahi kwamba sifa zake zimeshawafikia), mama atoe kwenye hela ya vitumbua. Hili la mwisho limezua mjadala mzuri kuliko yote. Vitumbua vinaingiza 18,000 kwa siku, lakini mchele, sukari, mafuta na mkaa vimekula 15,500. Ya mama ni 2,500 tu. Akitoa 4,000 siku moja amekula mtaji, na kesho hakaangi. Watoto wanalijua hilo la kula mtaji kuliko wanavyojua asilimia. Siku sita kwa 2,500 ni 15,000. Ukiichanganya na ya baba inakuwa 60,000. Toa 49,000, toa mchezo wa mama, yaani mchango wa kupokezana na wenzake, wa 1,000 kwa siku, yaani 7,000. Wiki imebakiwa na 4,000, ya sabuni, daftari na dharura.

Ukiitazama kwa wiki nyumba inasimama. Ukiitazama Jumatano inaanguka. Nimeamua bajeti ya kijitabu itapangwa kwa wiki, na kila zoezi litakuwa na angalau siku moja mbovu. Swali la kuvukia ni moja: siku ya neema utenge ngapi ili siku ya mvua isilale na njaa? Wastani peke yake nitaufundisha, lakini sitauacha utembee bila mwangalizi.

Nyongeza: mwezi huu vitumbua vinatoka sana jioni kwa ajili ya futari, kwa hiyo wameomba Nyumba Namba Saba iwe na "wiki ya Ramadhani". Sawa.

Jumamosi, 20 Aprili

Siku ya LUKU. Fungu la nne limetoka kabatini.

Wameanza na lawama. Meseji moja inaonyesha 10,000 imetoa uniti 28.07. Nyingine, 10,000 ile ile, uniti 23.86. Ya tatu, 5,000 tu imetoa uniti 40.98! Kauli ya darasa: TANESCO wanabahatisha. Nimewapa bei na makato yaliyoandikwa kwenye meseji, nikawaambia wathibitishe wizi au wafute kauli.

Makato ni haya: VAT asilimia 18, REA ya umeme vijijini asilimia 3, EWURA asilimia 1. Yote yanapigwa juu ya gharama ya umeme wenyewe, kwa hiyo ukijumlisha ni asilimia 22. Elfu kumi uliyolipa ni sawa na umeme wa 100 na makato ya 22, jumla 122. Vizibo vimerudi, safari hii 50 na 11, jumla 61. Gharama ya umeme: 10,000 mara 50, gawa kwa 61, ni 8,196.72. Uniti moja kwa mteja wa kawaida ni shilingi 292. Gawanya: 28.07. Imelingana mpaka nukta ya mwisho, na VAT yake 1,475.41 nayo ipo kwenye meseji vilevile.

Ya pili ilichukua muda zaidi. Nyuso zimekunjamana mpaka mmoja akasoma meseji yote hadi chini: kodi ya jengo 1,500. Tangu 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia LUKU, awali 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Inakatwa unaponunua umeme mara ya kwanza mwezi huo. Kwa hiyo 10,000 toa 1,500 ni 8,500. Mara 50 gawa kwa 61 ni 6,967.21, gawa kwa 292 ni 23.86. Hapa kumetokea kosa zuri la kuwekwa kijitabuni: kundi moja limetafuta gharama ya umeme kwanza, ndipo wakatoa 1,500. Jibu linatoka 22.93. Mpangilio wa kutoa unabadili jibu, na ni rahisi kuona upi ni sahihi kwa sababu meseji iko mezani inakusuta.

Ya tatu ni ya nyumba yenye matumizi madogo, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, ambayo uniti yake ni shilingi 100. 5,000 mara 50 gawa kwa 61 gawa kwa 100: 40.98. Hakuna wizi. Ila mtoto mwenye meseji ile ameuliza: wakivuka 75 je? Uniti za juu ya hapo zinauzwa 350, zaidi ya anayolipa mteja wa kawaida. Akanyamaza, kisha akasema friji ya kuuza barafu ambayo mama yake anaitamani itabidi ihesabiwe upya. Ameondoka na karatasi ya hesabu hiyo, na sikumpa mimi, kaianzisha mwenyewe.

Kauli ya wizi imefutwa kwa kupiga kura. Wawili wamegoma kufuta.

Jumamosi, 11 Mei

Toleo la majaribio limetoka, limebanwa pini, wino umekolea upande mmoja. Watoto wa darasa la sita ambao hawako kwenye klabu wamelifanyia kazi.

Ukurasa wa kwanza unatumia bei zinazogawanyika kwa 59: 5,900 yenye kodi 900, 11,800 yenye 1,800, 2,950 yenye 450. Wameupita kwa raha. Ukurasa wa pili una bei za kweli, na hapo kasi imekufa, maana kugawanya kwa 59 kwa mkono ni adhabu. Mwalimu mwenzangu anataka kikokotoo kiruhusiwe. Mimi nasita kwa sababu mtihani wa darasa la saba hauna kikokotoo, na mzazi akiona mwanawe anabonyeza simu atasema shule imekuwa mchezo. Tumekubaliana katikati: hatua ya kwanza ya kila swali ni kukisia. 59 iko jirani na 60, na 9 kwa 60 ni asilimia 15. Kwa hiyo kodi ndani ya bei ni asilimia 15 na kidogo. 8,500: asilimia 10 ni 850, nusu yake 425, jumla 1,275. Risiti ilisema 1,296.61. Kwa mtu aliyesimama dukani na mfuko mkononi hiyo inatosha kabisa, na ni hesabu ya kichwani. Ndipo anayetaka senti agawanye.

Nimeipenda kuliko kanuni yenyewe.

Jumamosi, 25 Mei

Kuna risiti imevuka bahari. Shangazi wa mwanafunzi mmoja ametoka Unguja, na risiti yake ina VAT ya asilimia 15. Zanzibar ina sheria yake ya VAT na kiwango chake, kwa hiyo tisa kwa hamsini na tisa haifanyi kazi ukishuka boti. Watoto wametafuta sehemu yao bila kuniuliza: 15 kwa 115, rahisisha, 3 kwa 23. Mwenye ndugu Mombasa kaiomba ya Kenya: asilimia 16, 4 kwa 29. Tumebandika jedwali ukutani. Uganda, Rwanda na Burundi ni 18 kama sisi, zikaingia safu moja.

Alhamisi, 13 Juni

Shule zimefungwa, nahariri nyumbani, redio inasoma bajeti ya serikali: shilingi trilioni 49.35 kwa mwaka 2024/25. Nimeigeuza kuwa zoezi la ukurasa wa mwisho. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120. Gawanya: pungufu kidogo ya shilingi 800,000 kwa kila mmoja wetu kwa mwaka, mtoto mchanga ndani. Ikikatwa kwa wiki 52 ni kama 15,400. Nyumba Namba Saba ina watu sita. Swali linaishia hapo: linganisha na 60,000 yao ya wiki, uandike sentensi mbili. Sikuweka jibu nyuma ya kitabu.

Jumanne, 25 Juni

Kariakoo maduka yamefungwa tangu jana, wafanyabiashara wana mgogoro na TRA, mamlaka ya mapato. Mwanachama mmoja wa klabu, jirani yangu, kapita kuuliza kama wenye maduka ndio wanaolipa VAT au ni sisi. Nimemwambia achukue vizibo. Akavipanga kibarazani: 59 kutoka kwa mteja, 9 kwenda serikalini kupitia mkono wa muuzaji, lakini muuzaji anatoa humo kodi aliyokwisha kulipa aliponunua mzigo. Kama mzigo ulimgharimu vizibo 40 na kodi juu yake, alilipa kodi 7.2, sasa anapeleka 1.8 tu. Mradi awe na risiti ya mzigo huo. "Na akiwa hana?" Anapeleka 9 yote. Kakaa anavitazama muda. Mchoro huo nimeunakili, utakuwa ukurasa wa nane.

Kilichobaki ni ukurasa wa "na ya kutolea", yaani hela ya simu inayotumwa pamoja na ada ya kuitoa kwa wakala. Watoto ndio walioudai: bibi yuko Kilosa, anataka 20,000 mkononi, utume ngapi? Nilidhani ni ndugu wa hesabu ya VAT, kumbe sivyo. Ada ya kutoa haiendi kwa asilimia; inapanda kwa ngazi, na ukiongeza ada juu ya 20,000 unaweza kujikuta umekanyaga ngazi inayofuata, ada ikabadilika tena. Kugawanya hakusaidii. Inabidi mtoto asome jedwali la ada, akisie, ajaribu, arekebishe. Nitabandika jedwali lisilo na namba, kila shule ijaze za mtandao inaoutumia wakati huo, kwa sababu zinabadilika kabla wino haujakauka. Tukifungua Julai tunaanza na huo, na nimeshamwambia jamaa wa stesheneri aandae rimu mbili.